Raketi ipi inakufaa? Mwongozo wa kuchagua raketi ya tenisi kwa wachezaji wa Arusha na Moshi

Kaa pembeni ya uwanja wowote wa tenisi hapa Arusha Jumamosi moja tu, utalisikia: "Ninunue raketi gani?" Anauliza kijana aliyeanza mwezi uliopita, anauliza mama anayemtafutia mwanawe, anauliza mzee aliyeurudia mchezo baada ya kustaafu. Na jibu wanalopewa karibu wote ni jina la kampuni. Chukua Wilson. Chukua Babolat. Head ndiyo yenyewe. Jibu hilo halimsaidii mtu, maana kila kampuni kati ya hizo inatengeneza raketi nyepesi za wanaoanza na raketi nzito za mashindano, na zote zinabandikwa nembo ileile. Hapa tutaanza na jinsi unavyoupiga mpira, tuende kwenye namba, jina la kampuni lije mwisho kabisa.

Kuna jambo la kwetu ambalo inabidi ulijue mapema. Arusha ipo takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hiyo mpira unasafiri mbali na kudunda juu kuliko Dar au Tanga. Si hisia tu: kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, zimetenga aina maalumu ya mipira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Sasa, maelezo mengi ya raketi unayoyasoma mtandaoni yameandikwa na watu wanaocheza mabondeni au pwani. Raketi wanayoisifia kuwa "ina nguvu", huku inaweza kukupelekea mpira uzioni kila pigo la tatu. Moshi haifiki mita 1,000, kwa hiyo watu wa huko tatizo wanalo ila kwa kiasi kidogo. Ukiona mgeni kutoka Moshi anapiga nje asubuhi nzima, mpe nafasi azoee kabla hujamcheka.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mizani ya jikoni ya kidijitali, inayosoma gramu moja moja.
- Tepu ya fundi cherehani.
- Penseli au rula nene ya kutafutia mahali raketi inapolala sawa.
- Simu yenye kamera na mtu wa kukushikia.
- Mipira mitatu iliyo hai. Mipira iliyokufa itakudanganya kwa raketi yoyote utakayoijaribu.
- Raketi mbili tatu za kuazima. Kama unacheza Gymkhana au klabu nyingine, ongea na kocha. Makocha wengi wana raketi za akiba kwenye begi na hawana kinyongo kuziazima kwa nusu saa.
- Bajeti inayojumlisha nyuzi. Wengi wanamaliza hela yote kwenye fremu, kisha wanacheza mwaka mzima na nyuzi mbovu.

Hatua ya 1: Jirekodi ukicheza

Mwombe mtu asimame nyuma ya mstari wako wa mwisho akurekodi dakika kumi na tano za mchezo wa kuhesabu pointi. Yasiwe mazoezi ya kupigiana mipira laini. Kwenye mazoezi kila mtu ni bingwa. Halafu ukae utazame, ukijibu maswali haya kwenye karatasi:

Mkono wako unaanzia wapi? Wapo wanaozungusha mkono kuanzia nyuma kabisa hadi raketi inamalizia juu ya bega la pili. Hao wana mzungusho mrefu, nguvu wanaitengeneza wenyewe. Wengine wanasukuma tu, raketi inatoka kiunoni na kuishia mbele ya kifua. Huo ni mzungusho mfupi, na anayecheza hivyo anahitaji raketi imsaidie kutoa nguvu.

Mpira wako unapita wapi juu ya wavu? Ukipita juu sana kisha ukazama ndani ya mstari, unaupa spini, yaani unauzungusha. Ukipita karibu na wavu ukiwa umenyooka, unapiga bapa.

Unasimama wapi? Hesabu pointi ulizomalizia nyuma na ulizomalizia wavuni kwa voli, yaani kuupiga mpira kabla haujadunda.

Na hili ndilo lenye uzito kuliko yote: ukikosea, mpira unaenda wapi? Anayekosea kwa kuutupa nje ya mstari wa nyuma na anayekosea kwa kuupiga wavuni ni wagonjwa wawili tofauti, na dawa ya mmoja itamzidishia mwenzake.

Hatua ya 2: Jipange kwenye kundi

Usijidanganye hapa. Kuna watu wanapenda kujiita washambuliaji na video inaonyesha wanasukuma.

Kundi la kwanza ni wanaoanza, na wale wa mzungusho mfupi, wakiwemo wazee wanaocheza wawili kwa wawili. Mnahitaji kichwa kikubwa, inchi za mraba 102 hadi 110, na uzito wa gramu 255 hadi 280 bila nyuzi. Mpira ukigonga pembeni kidogo ya katikati bado unarudi. Lakini kwa Arusha ningesema usivuke 105, isipokuwa kama bega linakusumbua. Zaidi ya hapo mpira unaanza kukukimbia.

Kundi la pili ni wapiga spini wa nyuma. Hawa ndio vijana wengi siku hizi, tangu Rafael Nadal awafundishe dunia nzima kumalizia mkono juu ya kichwa. Kichwa cha 98 hadi 100, uzito wa gramu 285 hadi 305, nyuzi 16 za wima na 19 za mlalo. Nafasi kubwa kati ya nyuzi inauwezesha uzi kuusugua mpira na kuuzungusha.

Kundi la tatu ni wapigaji bapa wenye mzungusho mrefu, wengi wao wana bekihendi (pigo la upande wa pili wa mkono unaoshika raketi) ya mkono mmoja. Mnataka mpira uende pale mlipoutuma. Kichwa cha 95 hadi 98, gramu 305 kwenda juu, uzito ukiegemea mpini. Nyuzi zilizobanana, 18 kwa 20, zitawafaa kama mkono unazimudu.

Kundi la nne, watu wa wavuni. Kwenu wepesi wa kugeuza raketi ndio kila kitu, kwa sababu kwenye voli huna muda. Kichwa cha 98 au 100, uzito wa wastani, kichwa chepesi kuliko mpini. Raketi nyepesi sana inayumba ukikutana na mpira wenye kasi.

Ukijiona katikati ya makundi mawili, chukua kichwa cha 100, gramu 285 hadi 300, 16 kwa 19. Wengi wataishia hapo na hawatajuta.

Onyo: usinunue raketi kwa sababu nyota fulani anaishika. Raketi aliyoichezea Roger Federer miaka yake ya mwisho iliuzwa madukani ikiwa na gramu 340 bila nyuzi na kichwa cha 97. Mpe mtu anayecheza mara moja kwa wiki, seti ya pili mkono utakuwa umekufa. Tena raketi za mastaa mara nyingi hurekebishwa uzito kwa siri, kilichopo dukani kinafanana nazo kwa rangi.

Hatua ya 3: Soma namba za raketi

Karibu raketi zote nzuri zimeandikwa namba kwenye koo la fremu, pale kichwa kinapokutana na mpini, au upande wa ndani wa kichwa. Ukubwa wa kichwa utauona kama 100 au 645. Ya pili ni sentimita za mraba. Uzito umeandikwa kwa gramu, na karibu kila mara ni uzito bila nyuzi. Nyuzi zinaongeza takriban gramu 15 hadi 18, na gripu ya juu, ile nyembamba ya kuzungushia, inaongeza kama gramu 5. Kwa hiyo raketi ya 300 ukiipima ikiwa tayari kwa kucheza itasoma 320 hivi, na mizani yako haijaharibika.

Mahali raketi inapolala sawa hupimwa hivi: ilaze raketi juu ya penseli, isogeze hadi itulie bila kuangukia upande wowote, kisha pima kwa tepu kutoka kitako cha mpini hadi pale kwenye penseli. Raketi ya kawaida ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 68.6, nusu yake ni 34.3. Ikitulia kwenye 32 au 33, uzito uko upande wa mpini. Ikipita 34.3, kichwa ndicho kizito. Raketi nyepesi zenye kichwa kizito zinapiga kwa nguvu, ila mshtuko unaishia kwenye kiwiko.

Ugumu wa fremu huandikwa mara chache sana kwenye raketi yenyewe. Utautafuta mtandaoni kwa jina la modeli. Namba za karibu 60 kushuka ni fremu laini, 70 ni ngumu. Fremu ngumu inarudisha nguvu nyingi kwenye mpira. Kama umewahi kuumwa kiwiko, kaa mbali nayo.

Hatua ya 4: Pima mpini

Fungua kiganja, vidole vikiwa vimenyooka pamoja. Weka tepu kwenye mstari wa katikati wa kiganja, pima hadi ncha ya kidole cha pete. Sentimita 10.5 ni namba 1, 10.8 ni namba 2, 11.1 ni namba 3, 11.4 ni namba 4. Wamarekani huandika inchi: 4 1/4 ndiyo namba 2, 4 3/8 ndiyo namba 3.

Kisha hakikisha kwa mkono. Shika raketi kama unayetaka kupiga fohendi, pigo la upande wa mkono unaoshika raketi, jaribu kuingiza kidole cha shahada cha mkono wa pili kwenye mwanya kati ya ncha za vidole na kitako cha kiganja. Kikienea vizuri, mpini ni wako. Kisipoingia, ni mwembamba. Kikielea, ni mnene.

Ukiwa njia panda, chukua mwembamba. Mpini mwembamba unaongezwa kwa gripu ya pili juu yake. Mnene kuupunguza ni kazi ya fundi, na raketi nyingine hazikubali kabisa.

Kwa mtoto usipime mpini, pima urefu. Asimame wima, mkono ukining'inia, ashike raketi ikielekea chini. Ncha iguse ardhi kidogo tu. Raketi za watoto huanzia inchi 19 na kupanda 21, 23, 25 hadi 26. Kumnunulia ya inchi 27 "akue nayo" ni kumfundisha kushika mpini katikati na kupiga kwa kiwiko, tabia ambayo kocha ataihangaikia baadaye.

Hatua ya 5: Azima, ucheze

Raketi mbili kwa siku zinatosha. Ya tatu mkono umeshachoka, utaisingizia. Tumia mipira ileile kwa zote, uwanja uleule, na kama unaweza saa ileile, kwa sababu mpira wa saa moja asubuhi mwezi wa saba, Arusha ikiwa na baridi yake, ni mzito kuliko wa saa nane mchana.

Anza na sevu (pigo la kuanzisha pointi) kumi, halafu fohendi na bekihendi za kutosha, kisha voli. Malizia na gemu kadhaa za kuhesabu. Usitazame mapigo yako mazuri; pigo safi la katikati linapendeza kwa raketi yoyote. Tazama mapigo uliyochelewa, yale uliyoyagonga karibu na fremu. Raketi inayokufaa ni ile ambayo hata ukikosea mpira unabaki uwanjani. Siku ya pili asubuhi sikiliza kiwiko, kifundo na bega kabla hujatoa uamuzi.

Hatua ya 6: Nunua kwa macho yote mawili

Una njia tatu: duka, mitumba, au ndugu anayerudi kutoka nje.

Dukani jihadhari na raketi za alumini zinazouzwa na nyuzi tayari. Zitambue kwa koo: fremu imepindwa kama bomba na kipande cha plastiki kimechomekwa pale kichwa kinapokutana na mpini. Kwa mtoto wa kujifunza miezi michache si mbaya. Kwa mtu mzima anayepiga kwa nguvu zinatetemesha mkono, na utazichoka haraka. Raketi ya grafaiti iliyotumika vizuri ni bora kuliko ya alumini mpya, hapa sina shaka hata kidogo.

Mitumba ndiko kwenye bahati. Marobota yanayoshushwa Kilombero hapa Arusha au Memorial kule Moshi wakati mwingine hutoka na raketi za maana, na muuzaji anaziuza kwa bei ya chochote kwa sababu hajui tofauti. Lakini zikague hivi. Shika raketi juani. Pitisha ukucha taratibu kuzunguka kichwa chote, ukikaa zaidi pale ambapo kwenye saa ya ukutani pangekuwa na namba 10 na namba 2, na pale kooni. Mkwaruzo wa rangi unateleza chini ya ukucha. Ufa unaukamata ukucha, na ukibonyeza kwa dole gumba unaona mstari ukifunguka na kujifunga. Raketi hiyo irudishe mezani hata kama ni bure. Igonge kidogo kwa kifundo cha kidole: fremu nzima inalia mlio mmoja mkavu, iliyopasuka inakwaruza. Kisha angalia bushi za plastiki ambazo nyuzi zinapitia. Zikiwa zimesagika hadi unaona grafaiti, uzi mpya utakatika baada ya siku chache, na bushi za modeli ya zamani hazipatikani kwa urahisi. Mwisho itazame kutoka kitakoni kama unayelenga bunduki; kichwa kisiwe kimepinda.

Jina kubwa, rangi inang'aa, bei ya kutupwa? Ipime. Ikiwa imepishana na uzito ulioandikwa kwa gramu 20 au 30 hata baada ya kuhesabu nyuzi na gripu, basi huenda ni feki.

Kwa anayekuletea kutoka nje, usimwambie "niletee raketi nzuri ya tenisi." Utaletewa ya rangi nzuri. Mtumie ujumbe kamili: "Shangazi shikamoo. Naomba raketi ya grafaiti, kichwa inchi za mraba 100, uzito gramu 285 mpaka 300 bila nyuzi, nyuzi 16 kwa 19, mpini 4 1/4. Tafadhali waifunge nyuzi hukohuko dukani." Hiyo sentensi ya mwisho usiisahau. Raketi za ngazi ya juu mara nyingi huuzwa bila nyuzi, na wapo waliopokea mzigo wao kwa furaha wakakuta fremu tupu.

Hatua ya 7: Maliza na nyuzi

Kwa Arusha, nyuzi zinaweza kubadilisha raketi kuliko unavyodhani, na kwa gharama ndogo zaidi.

Naironi laini ndiyo chaguo la wengi. Inapendeza mkononi na inatoa nguvu ya kutosha. Polyesta ni ngumu, inadumu na inashika spini, ila ni ya mpigaji mwenye mzungusho mrefu na kiwiko kizima. Mtoto na anayeanza wasiiguse. Nyuzi za utumbo wa ng'ombe ni tamu kupita zote, bei yake ndiyo chungu, na hazipendi unyevu. Masika zinaharibika haraka.

Kuhusu kukaza: uzi ukilegea mpira unaruka zaidi, ukikazwa mpira unatii zaidi. Fremu imeandikwa kiwango chake, mara nyingi kati ya kilo 22 na 27. Anza katikati. Kama mipira yako inatoka nje, omba iongezwe kilo moja kabla hujafikiria raketi nyingine. Anayeshuka kwenda kucheza Tanga au Dar apunguze kilo hiyohiyo.

Mwenye mashine ya kufunga nyuzi si wa kumpata kila mtaa. Uliza makocha, watakuelekeza, na wengine hutuma raketi Nairobi au Dar kwa basi. Ukituma, andika kwenye karatasi kilo unazotaka, uibandike kwenye mpini. Ukiagiza kwa mdomo kupitia konda, utapata alichoamua fundi.

Uzi mmoja ukikatika, kata zilizobaki siku hiyohiyo, ukianzia katikati kuelekea pembeni. Nyuzi zilizobaki zinavuta fremu upande mmoja na zinaweza kuipinda.

Ukikwama

Mipira inatoka nje kila mara. Kwanza badilisha mipira, hasa kama unatumia ya presha ya kawaida. Ukipata ya nyanda za juu au isiyo na presha, jaribu hiyo. Kisha kaza nyuzi. Kisha ndipo ufikirie kichwa kidogo zaidi.

Mipira inaishia wavuni. Raketi inaweza kuwa nzito kwako na unachelewa. Jaribu nyepesi kwa gramu 15. Kama hali ni ileile, tatizo ni magoti hayakunji, wala si raketi.

Raketi inazunguka mkononi ukipiga. Mpini ni mwembamba au gripu imekufa kwa jasho na vumbi. Gripu ya juu ni bei ndogo, ibadilishe ikianza kuteleza.

Kiwiko kinauma upande wa nje. Acha kucheza kwanza. Ukirudi, toa polyesta, weka naironi laini, legeza kilo moja au mbili. Maumivu yakiendelea, nenda hospitali. Usijitibu kwa kununua raketi ya tatu.

Raketi ilikuwa nzuri, sasa haina uhai. Nyuzi zimechoka hata kama hazijakatika. Kipimo cha wachezaji wengi ni kufunga upya kwa mwaka mara zilezile unazocheza kwa wiki. Na kama unaiacha kwenye gari juani mchana kutwa, punguza tabia hiyo kabla hujamlaumu fundi.

Kitu kinacheza ndani ya mpini ukiitikisa. Mara nyingi ni kipande cha gundi au sponji kilichobanduka ndani. Fungua kifuniko cha kitako kama kinafunguka, kitoe. Kama sauti inatoka kwenye kichwa cha raketi, rudi kwenye ule ukaguzi wa ukucha.